Kompyuta ya mezani: mnara, kisanduku au yote ndani ya skrini?

Mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya mezani, humrudishia swali: hiyo uliyo nayo inakuudhi nini? Mmoja atasema inachelewa kuwaka mpaka anasahau alichotaka kufanya. Mwingine hana nafasi mezani. Wa tatu gemu mpya imegoma kufunguka. Wa nne hana shida yoyote, amechoka tu kuitazama, na huyo ndiye rahisi kuuziwa chochote.

Yule wa kwanza huenda hahitaji kompyuta mpya. Kama mashine yake bado inatumia diski ngumu, ile ya sahani zinazozunguka, basi kila faili dogo linaposomwa, kichwa cha diski hulazimika kusogea na kungoja sahani ifike mahali pake. Huo ni muda wa milisekunde kumi hivi, na kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vifaili vya namna hiyo. SSD, hifadhi ya kielektroniki inayochukua nafasi ya diski hiyo, haina kinachozunguka. Hujibu kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde au chini yake. Kubadilisha diski hiyo ni kazi ya muda mfupi, na nimeona watu kadhaa wakiahirisha ununuzi mzima baada ya kuifanya.

Kwa waliobaki, wauzaji hupenda kuanza na prosesa, yaani sipiyu, kipande kinachofanya hesabu zote. Mimi naanza na kasha, lile ambalo wengi tunaliita sipiyu ingawa sipiyu yenyewe ni kijipande kilichojificha ndani. Prosesa inakueleza kompyuta itakuwaje siku ya kwanza. Kasha linakueleza itakuwaje mwaka wa tano, siku kipande kimoja kitakapokufa au kitakapozidiwa: je, utabadilisha kipande hicho au mashine nzima?

Mnara mkabala na kisanduku

Mnara ni lile kasha la kusimama, kubwa, la kuwekwa chini ya meza au pembeni yake. Faida yake haimo kwenye ukubwa wenyewe bali kwenye vipimo vya pamoja. Tangu Intel, kampuni ya prosesa, ilipotoa vipimo vya ATX mwaka 1995, mazabodi (bamba kuu linalounganisha vipande vyote), pawasaplai (kipande kinachogawa umeme) na makasha ya watengenezaji tofauti huingiliana. Pawasaplai ikiungua, unanunua nyingine ya kampuni yoyote. Ukitaka kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za skrini, nafasi ipo. Ukijaza SSD ya kwanza, ya pili inapata pa kukaa, na mara nyingi ya tatu pia.

Ila angalia: minara iliyounganishwa tayari na kampuni kubwa za kompyuta za ofisini si lazima ifuate vipimo hivyo. Kwa nje ni mnara, kwa ndani pawasaplai ina plagi za peke yake na mazabodi ina umbo lake. Omba ufunguliwe ubavu kabla ya kununua. Ukiona waya mnene wenye plagi ya matundu 24 unaingia kwenye mazabodi, ni dalili njema.

Kisanduku ni kinyume chake kwa kila hali. Vile vya ofisini, kama ThinkCentre Tiny ya Lenovo au OptiPlex Micro ya Dell, vina ujazo wa lita moja hivi. Unaweza kukifunga nyuma ya monita kwa skrubu nne na meza ikabaki tupu. Ndani yake huwa kuna prosesa ya mezani iliyopunguzwa ulaji wa umeme, ile yenye herufi T mwishoni mwa jina na kiwango cha wati 35, au prosesa ya laptopu moja kwa moja. Kwa kuandika, hesabu, barua pepe, mikutano ya video na kurasa ishirini za intaneti zilizofunguliwa pamoja, kisanduku cha namna hii hakipungukiwi na chochote.

Zipe kazi ndefu ndipo utofauti ujitokeze. Chukua video ya saa moja uiambie kompyuta iitengeneze faili la mwisho. Katika dakika za mwanzo mashine hizi mbili zinaweza kwenda sambamba. Kisha joto linapanda. Mnara una hewa, una feni pana inayozunguka polepole, una kipoza joto kizito. Unaendelea kwa mwendo uleule. Kisanduku kina feni ndogo inayolazimika kukimbia, kelele inaongezeka, na feni hiyo isipotosha, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Vumbi likijaa humo, hali hiyo inakuja mapema zaidi. Hii si kasoro ya utengenezaji. Ni gharama ya udogo.

Na cha kubadilisha ndani yake? SSD, karibu kila mara. RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa, mara nyingi, ingawa vinaongezeka visanduku ambavyo RAM yake imelehemewa kwenye mazabodi, na hapo kiasi ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Kadi ya michoro, sahau. Pawasaplai iko nje, kama chaja ya laptopu, nami naihesabu kuwa faida: ikifa, unanunua adapta yenye volti na plagi ileile, na kazi inaendelea bila bisibisi.

Mac mini ya Apple inaingia humu kwenye kundi la visanduku, ingawa wapenzi wake hawapendi kulinganishwa. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2005. Ile iliyosanifiwa upya mwaka 2024, yenye chipu ya M4, ina upana wa sentimita 12.7 tu na inaanzia RAM ya GB 16. Kwa nguvu zake ni kimya ajabu, na kwa mtu wa kuhariri video inaishinda minara mingi yenye kelele. Lakini RAM yake imefungwa pamoja na chipu yenyewe, haiongezeki kwa njia yoyote, na matundu ya USB ya zamani yameondolewa, kwa hiyo flashi yako itahitaji adapta. Kitufe cha kuiwasha kimewekwa chini ya tumbo. Sijui kwa nini mtu mzima aliamua hivyo.

Katikati ya hao wawili kuna kasha jembamba la ofisini, lile la kulazwa, ambalo monita huwekwa juu yake. Linapokea kadi ya michoro ya kimo cha nusu tu, na aghalabu iwe ya kutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi yenyewe, kwa sababu pawasaplai yake ni ndogo na ina umbo la peke yake. Ni chaguo zuri kwa aliyeikuta kwa bei nzuri. Kuitafuta makusudi sioni sababu.

Yote ndani ya skrini

Kompyuta yenye kila kitu nyuma ya skrini inavutia, nakubali. Waya mmoja ukutani, meza safi, hakuna kasha la kugongwa na miguu. Kwenye dawati la mapokezi, mahali ambapo wageni wanaliona dawati kuliko wanavyoiona kazi, sina neno.

Nyumbani nina neno. Monita nzuri huishi muda mrefu kuliko kompyuta. Ileile inaweza kutumikia mashine ya kwanza, ya pili hata ya tatu. Ukiziunganisha hizo mbili katika mwili mmoja, umezifunga ndoa isiyo na talaka: ya kwanza kufa inaondoka na mwenzake. Shangazi yangu alinunua ya namna hii kwa ushauri wangu, miaka kadhaa iliyopita, wakati nilikuwa bado nashauri kwa macho. Ndani mpaka leo ni nzima. Skrini iliota mistari, paneli ya kubadilisha haikupatikana, na sasa imeunganishwa na monita nyingine iliyosimamishwa mbele yake, kwa hiyo ana skrini mbili mezani na anaitazama moja. Kila nikienda kumsalimu nakalishwa mbele ya kosa langu.

Ukishaamua ni hiyo tu unayoitaka, dai kitu kimoja: tundu la HDMI la kuingiza picha, si la kutoa tu. Lenye hilo litabaki kuwa monita hata kompyuta ikishakufa. iMac, kompyuta za Apple za namna hii, za inchi 27 zilizotoka kati ya mwisho wa 2009 na mwisho wa 2013 ziliweza kuwa monita ya mashine nyingine, ingawa si kwa HDMI, na kompyuta yake ikiwa bado hai. iMac zilizofuata haziwezi.

Prosesa: soma namba, usisome cheo

Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa kihalali. Tangazo linasema "Core i7", cheo cha juu cha prosesa za Intel, kwa herufi kubwa na kunyamaza. i7 ya lini?

Weka i7-2600 ya mwaka 2011 kando ya i3-12100 ya mwaka 2022. Zote zina viini vinne, zote huendesha nyuzi nane za kazi kwa wakati mmoja. Ya kwanza ina cheo kikubwa na kiwango cha joto cha wati 95. Ya pili ina cheo cha chini na wati 60. Na hiyo ya chini inaiacha nyingine mbali, kwa sababu kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo wa saa ya prosesa. Cheo hulinganisha ndugu wa kizazi kimoja tu. Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu za mwanzo baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 8500 cha nane, 12100 cha kumi na mbili.

Kizazi pia ndicho kinachoamua kama Windows 11 itakupokea. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11 inaanzia, ukiacha chache, kwenye kizazi cha nane. Matokeo yake i7-7700, prosesa ya heshima ya mwaka 2017, inaachwa mlangoni, wakati i5-8500 ya mwaka uliofuata inapita. Kwa AMD, mshindani wa Intel, mpaka uko kwenye prosesa za Ryzen za mfululizo wa 2000, nako ukiacha chache.

Herufi za mwisho nazo zina maana, na moja inauma. Prosesa ya Intel yenye F haina michoro ya ndani. Ukiinunua bila kadi ya michoro, skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa mbovu. K inaruhusu kuongezewa kasi na hula umeme zaidi. Kwa Ryzen, G humaanisha michoro ya ndani yenye nguvu kiasi, ya kutosha gemu nyepesi. Tangu Oktoba 2024 Intel ya mezani imeanza kuitwa Core Ultra na hesabu ya namba imeanza upya, kwa hiyo 245K ni mpya kuliko 14600K. Usicheke.

Kama unajenga mnara wako mwenyewe, AMD ina hoja moja nzito: soketi, yaani kitako cha mazabodi ambamo prosesa hukaa. Ile ya AM4, iliyotoka 2016, ilipokea vizazi kadhaa vya Ryzen, hivyo waliokuwa na mazabodi nzuri walibadilisha prosesa tu. AM5 imeifuata mwaka 2022 kwa ahadi kama hiyo. Intel hubadilisha soketi mara nyingi zaidi, na mazabodi huenda nayo. Kwa anayenunua mashine iliyokamilika asiyekusudia kuifungua kamwe, hoja hii haina uzito.

RAM na kadi ya michoro

GB 8 bado zinatosha kwa mtu wa barua na hesabu, lakini kwa kubanana. GB 16 ndizo ningemnunulia mtu yeyote leo bila kumuuliza maswali. GB 32 ni za mhariri wa video, msanifu wa majengo, mtu wa picha kubwa au mwandishi wa programu. Zaidi ya hapo, mwenye kuzihitaji anajijua.

Zamani nilikuwa nawaambia watu wanunue kidogo, waongeze baadaye. Sasa nasita. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vikali kwa sababu viwanda vya chipu vinaelekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya data vya akili mnemba. Baadaye inaweza kuwa ghali kuliko leo. Ukinunua mashine yenye kipande kimoja cha GB 16, kagua kama kuna nafasi ya pili iliyo tupu. Vipande viwili vya GB 8 vina njia pana ya kupitisha data, na tofauti inaonekana hasa pale michoro ya ndani inapotumia RAM hiyohiyo. Kipande cha RAM ya kizazi cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya kile kipya cha DDR5, hata ukisukuma. Tafadhali usisukume.

Kuhusu kadi ya michoro, swali ni fupi. Unacheza gemu nzito, unatengeneza picha za pande tatu, unahariri video za ubora wa juu kila siku, au unaendesha modeli za akili mnemba kwenye mashine yako? Kama hakuna hata moja, usinunue. Michoro ya ndani ya prosesa za miaka ya karibuni inaonyesha video ya 4K bila kutoka jasho. Kama jibu ni ndiyo, umeshachagua mnara, na sasa utazame kumbukumbu ya kadi yenyewe, kwani hiyo haiongezwi. GB 8 zinaanza kubana kwenye gemu mpya. 12 au 16 zinakupa pumzi. Ukishaiweka, chomeka waya wa monita kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Nimewahi kuitwa kutazama "kadi mbovu" ambayo ilikuwa nzima kabisa, haijachomekwa kitu.

Mpya au iliyotoka ofisini?

Kampuni nyingi hubadilisha kompyuta zake kwa ratiba, si kwa ubovu, na zile zinazotolewa huingia sokoni zikiwa na uhai mwingi. Kwa matumizi ya kawaida, kisanduku cha ofisini chenye i5 ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya GB 16 na SSD mpya, naona kinashinda mashine mpya ya bei ya chini kabisa, ambayo aghalabu hubana kila mahali: prosesa dhaifu, RAM kidogo, kasha la plastiki nyepesi. Kinachopotea ni dhamana ndefu, na miaka michache ya masasisho.

Kabla ya kulipia iliyotumika, iwashe mbele yako na uingie kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo ilipo. Kufuli hiyo kwenye mashine za ofisini si rahisi kuitoa. Angalia Windows yake kama imesajiliwa. Iache ifanye kazi dakika kumi na tano huku ukisikiliza feni. Mashine ya kizazi kilichoachwa na Windows 11 si takataka, mfumo wa Linux unaiendesha vizuri, ila hakikisha kwanza programu unazozitegemea zipo huko. Programu ndiyo inayoamua mfumo, na huu ni mjadala mfupi kuliko mashabiki wanavyotaka uwe: programu yako ya mahesabu ikiwa ya Windows tu, nunua Windows, kazi yako ikiwa Final Cut, programu ya Apple ya kuhariri video, hakuna mahali pengine ila Mac.

Umeme nao unaingia kwenye ulinganisho. Chukua kisanduku kinachovuta wati 15 na mnara unaovuta wati 80, zote kwa kazi nyepesi, saa nane kwa siku. Cha kwanza kinakula uniti 0.12, wa pili 0.64. Kwa siku ni kidogo, kwa mwaka zidisha mwenyewe. Na kwa kuwa kompyuta ya mezani haina betri, umeme ukikatika kazi isiyohifadhiwa huenda nao, hivyo ingiza UPS, betri ya kushikilia umeme kwa muda, kwenye bajeti mapema. Ile iliyoandikwa VA 600 haitoi wati 600. Nyingi hutoa 360 hivi. Kwa kisanduku na monita yake ni nyingi. Kwa mnara wenye kadi ya michoro iliyo kazini, inaweza kuzima papo hapo.

Ningemnunulia nani nini

Mwanafunzi na mtu wa ofisi ya nyumbani: kisanduku, kipya au kilichotumika, RAM ya GB 16, na fedha iliyobaki iende kwenye monita ya inchi 24 au 27 na kibodi isiyochosha vidole. Mcheza gemu: mnara wenye pawasaplai ya vipimo vya ATX, kadi ikichukua sehemu kubwa ya bajeti na prosesa ya daraja la kati. Mhariri wa video: kama amezoea Mac, Mac mini, RAM ya kutosha tangu siku ya kwanza, kama hajazoea, mnara. Duka au mapokezi: yote ndani ya skrini, lenye HDMI ya kuingiza. Anayehama chumba kimoja hadi kingine na kompyuta yake kila siku anahitaji laptopu, na amekuwa akisoma makala isiyo yake.

Chochote utakachokichukua, kigeuze mgongo kwanza uhesabu matundu. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu la VGA, lile la zamani la waya wa monita, na kama monita yako ya zamani ina hilo tu, utahitaji adapta ya kubadilisha HDMI au DisplayPort kuwa VGA. Adapta hiyo ina upande wa kuingiza na wa kutoa. Ile ya kinyume, ya kutoka VGA kwenda HDMI, inafanana nayo kabisa na haitakuonyesha chochote.